Daftari gani linafaa kubandikia kumbukumbu, na vitu vya kopo la mama nivihifadhi vipi?

Mwana wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kutengeneza madaftari ya kumbukumbu, yale ambayo mtu huandika, hubandika picha na kupamba kurasa kwa mikono yake.

Mama yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, amenikabidhi kopo la biskuti ambalo utotoni tulikatazwa hata kuligusa. Ndani yake nimekuta barua kumi na nne ambazo marehemu baba alimwandikia akiwa kazini Muscat, nyingi zikiwa aerogramu, zile barua za ndege za buluu zinazokunjwa zikawa bahasha; picha zipatazo sitini, za rangi na zisizo za rangi; kadi yangu ya kliniki; kadi za mwaliko wa harusi; kipande cha gazeti chenye matokeo ya mtihani; tiketi za meli ya Pemba; upande mmoja wa kanga alionibebea nilipokuwa mchanga; na kikuba cha harusi yake, yaani kishada cha maua ya kunukia, ambacho sasa ni vumbi la kahawia lililofungwa katika karatasi ya daftari. Barua tatu zimeshikanishwa kwa pini ya ofisini iliyoota kutu, na kutu hiyo imezama katika karatasi kiasi kwamba kwenye barua nyingine iliyolala chini ya hizo tatu, ambako pini haifiki, umbo lake lote limechorwa kwa rangi ya chungwa, kuanzia kichwa hadi ncha.

Nia yangu ni kuwatengenezea watoto wangu daftari moja la historia ya nyumbani, kwa kuwa babu yao wanamjua kwa jina tu. Nimekwisha kujaribu na kuharibu. Nilinunua daftari zuri lenye jalada gumu la maua, lakini baada ya kurasa kumi na mbili limeachama na halifungi tena, gundi nyeupe imezikunja kurasa, na wino wa kalamu ya rangi umepenya hadi upande wa pili. Nashukuru kwamba nilikuwa nimebandika picha za simu zilizosafishwa juzi tu, si za mama.

Nina maswali mawili. Ninunue daftari la aina gani? Na vile vitu ambavyo havitaingia kwenye daftari nivitunze vipi, ikizingatiwa kwamba tunaishi karibu na bahari, na wakati wa masika hata viatu vya ngozi vilivyomo kabatini huota ukungu?

Fundi Jalada (Dar es Salaam)

Waaleikum salaam, dada. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, na madaftari yaliyoachama huletwa mezani kwangu mara kwa mara, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza na la pili nitawaachia wengine.

Daftari lako halikuwa bovu. Lilitengenezwa kwa kuandikia, na uti wake ulipimwa kulingana na unene wa karatasi zilizomo. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ilhali picha ya studio ina unene wa mara mbili ya huo au zaidi. Chukua daftari la karatasi 50, ambalo bila majalada lina unene wa milimita 5 hivi, kisha ubandike picha moja katika kila karatasi: upande wa mbele umeongeza milimita 10, na kwenye uti hukuongeza chochote. Daftari hilo haliwezi kufunga, hata lingekuwa la bei gani.

Kuna njia mbili za kulizuia. Ya kwanza ni kupunguza karatasi kabla ya kuanza kazi. Kata kwa wembe karatasi moja kati ya kila mbili, ukiacha ukingo wa sentimita mbili ulioshikwa na mshono. Kingo hizo ndizo zitakazojaza uti na kupunguza tofauti inayoletwa na unene wa picha utakazobandika. Tafadhali usizing'oe. Katika daftari lililoshonwa kila karatasi ni nusu ya karatasi moja iliyokunjwa, kwa hiyo ukiing'oa nusu ya kushoto, nusu yake ya kulia italegea na siku moja utaikuta sakafuni. Njia ya pili, ambayo kwa kazi yako ndiyo ningeichagua, ni kutumia jalada lenye pete za chuma zinazofunguka. Utaongeza kurasa utakapopenda, utahamisha picha ya harusi iliyotangulia mbele ya picha ya uchumba, na ukurasa ulioharibika utautoa bila kuwasumbua wenzake. Daftari la waya nalo hupanuka, lakini matundu yake huchanika upesi, na waya wa bei nafuu huota kutu kwenye hewa ya bahari.

Sasa karatasi. Wengi hukimbilia kaunta buku kwa sababu ni imara. Ile ya kwaya tatu ina kurasa 288 na jalada lisilojali kuanguka. Kwa kuandika sina neno nalo, lakini karatasi yake ni nyembamba, na mistari yake itakuwa inapita nyuma ya kila picha kama nondo za dirisha. Kwa kubandika tafuta karatasi isiyo na mistari ya gramu 120 hadi 200. Daftari la kuchorea mara nyingi huwa katika kiwango hicho, na ukitumia jalada la pete unaweza kukata karatasi za manila kwa kipimo cha A4, ambacho ni milimita 210 kwa 297, ukazitoboa mwenyewe. Ukiwa dukani, omba ruhusa ya kuandika neno moja kwa kalamu yako kwenye ukurasa wa mwisho, kisha ugeuze uone kama wino umepenya. Mwenye duka akikataa, duka la jirani halipo mbali.

Kuhusu kukunjamana: gundi nyeupe ina maji mengi, na karatasi ikinywa maji hutanuka, kisha hukauka ikiwa imejikunja. Tumia gundi ya kijiti, uipake nyembamba kutoka katikati kwenda pembeni, funika ukurasa kwa karatasi ya nta, kisha uweke vitabu vizito juu yake hadi asubuhi. Picha zenyewe hazihitaji gundi kabisa. Kata pembe nne ndogo za karatasi, zibandike pembe hizo, kisha uchomeke picha ndani yake. Siku ukitaka kusoma kilichoandikwa nyuma ya picha, utaitoa na kuirudisha.

Mtunza Nyaraka (Morogoro)

Nifikishie shikamoo kwa mama. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kazi katika chumba cha nyaraka, na nitaanza na jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema hapa: kitu kisichoweza kupatikana tena kisibandikwe. Barua ya baba iwe sandukuni, nakala yake iwe kwenye daftari. Nakala ya mashine ya fotokopi hudumu kuliko watu wanavyodhani, maana weusi wake ni kaboni, na kaboni haipauki. Ukitaka kupamba, pamba nakala. Ikate, ichome kingo, ipake majani ya chai ionekane ya kale. Ile halisi haidai mapambo.

Ile pini usiivute. Chukua kipande cha plastiki ngumu lakini nyembamba, kwa mfano kilichokatwa kwenye chupa ya maji, ukisukume polepole kati ya pini na karatasi, juu na chini, mpaka kutu iachie. Ndipo uitelezeshe pini kurudi ilikotokea. Doa litabaki, na msijaribu kulitoa kwa limau wala dawa yoyote ya nguo. Barua zikunjuliwe na zilazwe zikiwa zimenyooka, kwa sababu aerogramu huanza kuchanika kwenye mikunjo yake, na kila mnapoifungua na kuikunja mnaichosha.

Kipande cha gazeti kitenge na kila kitu kingine leo hii. Karatasi ya gazeti hutokana na mti uliosagwa pamoja na vitu vyake vyote, na vitu hivyo ndivyo vinavyoifanya iwe ya njano, iwe na asidi na imeguke. Na asidi hiyo huhamia kwenye karatasi ya jirani. Nimewahi kuona barua nyeupe yenye mraba wa kahawia katikati, sawasawa na kipimo cha kipande cha gazeti kilicholazwa juu yake. Tiketi zichunguzeni pia. Kama ni za karatasi laini inayong'aa, kama zilivyo risiti za mashine za EFD, maandishi yake hayakuandikwa kwa wino bali kwa joto, nayo yatafifia. Zitoeni nakala kabla hazijawa nyeupe. Kwa sababu hiyo hiyo msizifanyie laminesheni, maana joto la ile mashine huzigeuza kuwa nyeusi tii. Na hata kwa vitu vingine, kadi ya kliniki ikiwemo, laminesheni ni ndoa isiyo na talaka.

Katika mifuko ya plastiki na albamu, tazama tarakimu iliyo ndani ya pembetatu ya mishale. Namba 1, 2, 4 na 5 zinafaa kwa picha na barua. Namba 3, ambayo ni PVC, iache dukani. Huiva kwa joto, hutoa asidi, na hushikamana na picha na hata na maandishi ya fotokopi. Pasipo na tarakimu, nusa: harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni ni jibu tosha. Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunua, ambazo takriban kila sebule ilikuwa nayo zamani, zimeharibu picha nyingi kuliko mende na panya. Kama kuna picha zilizokwama humo, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukiusogeza mbele na nyuma kama msumeno. Isipotoka, ipige picha ikiwa hapo hapo na uiache.

Kuhusu ukungu. Huota hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70, na pwani hewa huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sanduku linalofunga vizuri husaidia, lakini kumbuka kwamba hufungia ndani hewa uliyolifungia nayo. Lifungeni katika siku kavu za Januari au Februari, si katikati ya masika. Vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu huwa vimekwisha kunywa unyevu vilikotoka, kwa hiyo nunueni punje zinazobadilika rangi zikishiba, mzikaushe kwenye oveni na kuzirudisha. Chagueni za rangi ya chungwa. Zile za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Mchele si mbadala: hunywa unyevu kidogo, kisha huwaalika wadudu.

Kopo la bati si baya mradi halijaota kutu, lakini pwani litaota. Sanduku la plastiki namba 5 ni salama zaidi, na kila kundi la vitu liwe katika bahasha yake ya karatasi. Liwekeni kwenye rafu ya ndani ya nyumba, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, si sakafuni ambako mchwa hupita, wala si juu ya kabati karibu na paa la bati. Mkiona vitobo au unga mpya wa wadudu, fungeni karatasi hizo katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mziweke katika friza kwa wiki mbili, kisha mziache siku nzima nje ya friza bila kuufungua mfuko, ili umande uote juu ya plastiki na si juu ya barua. Vidonge vya naftalini vya kufukuzia wadudu sivipendekezi hata kidogo. Mvuke wake unamdhuru mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo ni ya kawaida katika pwani yetu, na wengi hawajui kama wanayo.

Bi Mkubwa wa Kibokoni (Mombasa)

Wanangu, nimewasoma nyote kwa makini, na mengi mliyoyasema ni ya kweli. Lakini naona mnamfundisha huyu mwenzetu kuzika vitu vizuri kuliko kuvitumia.

Marehemu shangazi yangu alikuwa na sanduku la mninga lenye njumu za shaba, na humo alitunza kila kitu, kikavu, kisafi, kimekunjwa. Alipofariki tulilifungua tukakuta picha za watu waliovaa vizuri, wamesimama mbele ya mandhari ya studio, na hapakuwa na mtu hata mmoja nyumbani aliyeweza kusema ni akina nani. Zipo mpaka leo, nzima kabisa, na hazina faida kwa yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kununua daftari wala punje za silika, keti na mama. Mwonyeshe picha moja moja, washa kinasa sauti cha simu, na umwache aseme anavyotaka, hata akitoka nje ya picha na kuanza habari za bei ya sukari. Majina usiyaandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, kwani mgandamizo huonekana upande wa uso. Tumia penseli laini bila kukandamiza, na ile karatasi ya picha inayoteleza ikikataa penseli, andika kwenye bahasha yake.

Na si kweli kwamba hakuna kitu halisi kinachoweza kubandikwa. Kama kuna kadi mbili za mwaliko wa harusi ileile, moja ibandikwe. Tiketi tatu za meli, mbili zipambe ukurasa. Mtoto akipitisha kidole juu ya tiketi halisi, akahisi pale ilipochanwa na mkaguzi, atauliza maswali ambayo fotokopi haimfanyi aulize.

Kikuba cha mama kitie katika kijichupa kidogo cha kioo chenye kizibo, na kama hutaki chupa, katika bahasha ndogo iliyotiwa mfukoni mwa ukurasa. Kisha fanya hivi: tungeni kikuba kipya wewe na binti yako, cha asumini na mrehani kama kile cha zamani, mkikaushe kati ya karatasi za kunyonya maji chini ya vitabu vizito, mkibadilisha karatasi kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Asumini itageuka kahawia, hilo halizuiliki, lakini umbo litabaki, na hicho ndicho mtakachokibandika kando ya picha ya harusi.

Kanga usiikate, nakusihi. Nimeona vijana wakikata jina la kanga na kulibandika kama kichwa cha habari. Ikunje na kitambaa cheupe cha pamba kati ya mikunjo, na kila baada ya miezi michache uikunje upya mahali pengine ili isichanikie kwenye mstari mmoja. Usiiweke pamoja na barua. Kanga nyingine huchuja rangi kwa unyevu tu. Jaribu pembeni kwa pamba iliyoloweshwa maji uone. Jina lake liandike kwa mkono kwenye daftari, na uongeze nani alimnunulia. Udi tunafukizia nguo, si makaratasi, maana moshi una masizi. Karafuu katika kimfuko cha kitambaa hazina ubaya, ila mimi huzitia kwa ajili ya harufu tu.

Mtunza Nyaraka (Morogoro)

Bi Mkubwa, nakubali kuhusu majina, na nakiri kwamba lilipaswa kuwa la kwanza katika maelezo yangu. Kuhusu tiketi tutabaki na tofauti zetu, lakini zikibandikwa, basi zibandikwe kwa pembe za karatasi kama alivyoeleza Fundi, na kamwe zisibandikwe kwa selotepu. Gundi ya selotepu hugeuka njano, huzama katika karatasi, kisha plastiki yenyewe hubanduka na kuacha doa.

Kijana wa Mwanza

Samahani kwa kuingilia kati. Je, si rahisi zaidi kupiga kila kitu picha kwa simu, mambo yakaisha?

Fundi Jalada (Dar es Salaam)

Kaka, apige, tena apige leo, kivulini karibu na dirisha na bila mwako wa kamera. Akipata skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida, na 600 kwa picha ndogo za pasipoti anazotaka kuzikuza. Lakini simu huibiwa, huanguka majini na hubadilishwa, kwa hiyo nakala ziwe mahali pasipopungua pawili. Na sijawahi kuona familia imekaa mkekani siku ya Idi ikipitishiana skana.

Mwana wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nimenunua jalada la pete nne na karatasi za manila za rangi ya maziwa, na nimekata pembe za karatasi zipatazo mia mbili mpaka mkasi umenitia sugu. Pini imetoka kwa kipande cha chupa, bila kuchana kitu.

Nilifuata maneno ya Bi Mkubwa kwanza. Tulikaa na mama jioni tatu mfululizo, na kati ya picha sitini tumepata majina ya hamsini na tatu. Kijana mmoja aliyesimama kando ya baiskeli, ambaye miaka yote nilidhani ni mjomba, kumbe ni mpiga picha mwenyewe, aliyemwomba mteja ampige ili ajaribu kamera mpya. Nimemwekea ukurasa wake. Kanga iliyomo koponi ni ya "Nani kama mama", na upande wa pili wa doti ile, mama amesema bila haya kwamba aliukata nepi.

Barua ndizo zilizoniletea shida ambayo hakuna aliyeitaja hapa. Kumi na tatu tumezitoa nakala. Ya kumi na nne mama aliisoma peke yake barazani, akaikunja upya kama ilivyokuwa, na akaniambia kwamba hiyo haitatolewa nakala wala haitaingia katika sanduku langu. Sikubishana naye. Katika daftari, mahali pake nimebandika mfuko mtupu wa karatasi, na chini yake nimeandika tarehe iliyokuwa kwenye mhuri wa posta na maneno "Barua hii iko kwa mama."